Sarafu ya Kiti Kitupu

Mbeya, Ijumaa, 10 Oktoba 1958

Kengele ya misheni inalia tangu asubuhi, polepole, kama mtu anayehesabu kisha akasahau alipofika. Papa wa Roma alifariki jana. Jaha sonara ndiye aliyeniletea habari, amekunja uso kama anayeingia matangani. "Pole, Mzee Isihaka. Umefiwa." Kisha akashindwa kujizuia, akacheka.

Mji wote unajua kwamba mimi, Mwislamu wa Pangani, mjalidi wa vitabu, nina sarafu za fedha za mapapa wa kale. Baada ya sala ya Ijumaa Jaha alinirudia na watu watatu wakiongozwa na Mwalimu Bushiri wa msikitini, wakataka waonyeshwe. Nikatoa kisanduku cha mninga. Nilikitengeneza mwenyewe, vitundu kumi na viwili, kila kimoja kimetandikwa kitambaa cha jalada, na kila sarafu ina pake.

Niliwaonyesha ile ndogo kuliko zote, giulio ya mwaka 1676. Niliwaeleza kwamba zamani papa akifa, fedha ilipigwa bila jina la papa wala uso wake. Badala yake uliwekwa mwavuli, chini yake funguo mbili zilizopishana, na upande wa pili njiwa katikati ya mionzi. Maandishi yake ya Kilatini maana yake ni kwamba kiti ni kitupu. Kazi hiyo ilidumu wiki chache tu, mpaka papa mwingine apatikane, na ndiyo maana sarafu hizo ni adimu.

Mwalimu Bushiri aliishika kwa ncha za vidole. Aliuliza nilizipata wapi. Nikasema Iringa, baada ya vita. Ni kweli. Hakuna anayeuliza swali la pili. Kwa miaka kumi hakuna aliyeliuliza.


Jumanne, 14 Oktoba

Barua kutoka Nairobi, kwa Kiswahili, mwandiko wa shule. Nainakili:

"Mzee Isihaka, salamu. Mimi ni Irena, mtoto wa Mwalimu Kazimiri wa kambi ya Ifunda. Nilikuwa nakuja na baba kwako Iringa, ulikuwa unanipa vipande vya karatasi za rangi. Baba alifariki Uingereza mwaka 1949. Kabla ya kufa alisema fedha zake za mapapa ziko kwako na wewe unajua. Sasa ni muuguzi hapa, lakini mwezi wa nne nitaondoka kabisa. Nitakuja kwako mwezi wa pili, mvua ikiruhusu."

Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama.

Sasa niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Sarafu hizi si zangu.

Kazimiri alikuwa Mpolandi, mwalimu wa Kilatini. Vita vilimng'oa kwao, akapelekwa Siberia, akapitia Uajemi, akashushwa Dar es Salaam, akaishia Ifunda kwenye kambi ya wakimbizi, maili kama thelathini kutoka Iringa. Sarafu kumi na mbili zilikuwa zimeshonewa ndani ya bitana la koti lake safari yote hiyo. Alikuja kwangu mwaka 1943 na mzigo wa vitabu vya sala vilivyochanika migongo. Hakujua Kiswahili, wala mimi sikujua Kipolandi, lakini wote wawili tulijua Kijerumani: mimi nilifundishwa shule ya serikali Tanga, yeye kwa watu waliowahi kuitawala nchi ya babu yake. Tukazungumza lugha ya watu waliokwisha kuondoka.

Alinifundisha kusoma sarafu: jina la papa, mwaka wa enzi yake, alama ya mhunzi, uzito. Kambi ilipokuwa inavunjwa mwaka 1948 aliogopa atapekuliwa melini. Akaniwekea amana mpaka arudi yeye au aje mwanawe. Nikapokea kwa mikono miwili.

Mwaka wa kwanza wateja wakiuliza nilisema ni za rafiki yangu, ingawa nyumbani sikueleza kitu. Mwaka wa pili, tulipokwisha kuhamia Mbeya, nilinyamaza. Mwaka wa tatu mke wa Mzungu mmoja wa boma aliniuliza, "Zako hizi?" nikajibu ndiyo, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa fupi. Tangu siku hiyo zimekuwa zangu mbele za watu wote, na mke wangu Mwanakhamisi akiwa mmoja wao.


Jumatano, 22 Oktoba

Joto kavu. Gundi inakauka kabla sijaipaka. Nimemjibu Irena: karibu, zote zipo.


Jumatano, 29 Oktoba

Kengele zimepigwa kwa furaha tangu jana. Papa mpya amepatikana. Nimefungua kisanduku mara mbili leo bila sababu.


Jumapili, 9 Novemba

Binti yetu Bibie amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mumewe yuko Chunya kwenye machimbo, ametuma salamu na jina: Matano, jina la baba yangu. Nimemwadhinia mtoto sikioni. Ana nywele nyingi kama mtu mzima.

Kuna barua pia ya Liberatus, katekista wa Iringa niliyekuwa nikimjalidia vitabu. Mtaliano mmoja mjenzi wa madaraja ana sarafu ya fedha yenye kichwa cha papa na anataka kuiuza. Tarehe kumi na tano anarudi kwao.

Mwanakhamisi aliniuliza kama siku ya saba nitakuwepo, mtoto anyolewe na babu yake akiwapo. Siku ya saba ni Jumamosi. Nikamwambia Ijumaa nitakuwa nimekwisha kurudi. Alinifungia maandazi.

Naandika sababu ili nisijidanganye: zile kumi na mbili zikiondoka, nataka ibaki moja iliyo yangu kweli.


Iringa, Alhamisi, 13 Novemba

Si sarafu. Ni medali ya shaba iliyopakwa rangi ya fedha, wanayouziwa mahujaji huko Roma, tena ina kipete cha kuningʼinizia. Niliitambua kabla haijatulia kiganjani, kwa wepesi wake. Mtaliano akaniambia kwa Kiswahili cha barabarani, "Papa kabisa, mzee, Papa kabisa," na Liberatus aliona haya kuliko mimi.

Mvua ya kwanza imenyesha jioni, nzito.


Iringa, Jumamosi, 15 Novemba

Basi halikuondoka jana wala leo. Wanasema barabara imekatika mbele huko. Nimeketi kwenye benchi la kituo, koti begani. Leo mjukuu wangu ananyolewa.

Nilipanda hadi boma la zamani kupoteza muda. Hapo nilifika mwaka 1908, kijana wa miaka kumi na minane, karani wa Wajerumani, nikiambiwa ni kwa mwaka mmoja tu. Nyumba yetu ya Pangani sijui sasa anakaa nani.


Mbeya, Jumanne, 18 Novemba

Nimefika. Matano kichwa kimenyolewa safi, kinang'aa. Kila kitu cha akika yake kilifanyika vizuri bila mimi: mbuzi, dua, wageni. Mwanakhamisi hakunilaumu. Alinipa maji ya kuoga na kunisimulia nani alikuja na nani alituma udhuru. Nilimwambia ile sarafu ya Iringa ilikuwa medali ya shaba, akasema, "Basi."


Jumatano, 19 Novemba

Leo asubuhi nilifungua kisanduku nijifariji. Ziko kumi na moja.

Kitundu cha giulio ya kiti kitupu hakina kitu. Niliinua kitambaa, nikachungulia chini ya kabati, nikapekua mifuko ya nguo nilizosafiri nazo ingawa nilijua sikusafiri nayo. Nilikung'uta kitabu kimoja kimoja. Mwisho nikatoka uani. Mwanakhamisi alikuwa anachambua mchele.

"Mama Bibie, nani amefungua kisanduku changu?"

"Mimi." Hakuinua uso. "Nywele za mtoto hupimwa kwa fedha, ikatolewa sadaka, au kwenu Pangani haipo hiyo? Nilitafuta fedha nyumba nzima. Shilingi Mwalimu Bushiri kazikataa, kasema hizi za siku hizi si fedha, ni bati lenye kichwa cha mfalme. Bangili zangu niliziuza mwaka ule wa njaa, wajua mwenyewe. Nikachukua ile ndogo kuliko zote. Nikasema hizi kubwa nimwachie mwenyewe."

Nilimuuliza alimpa nani.

"Marta. Alileta viazi asubuhi ile, yeye na binti yake Tusekile. Mjane, nani mwingine anastahili kumshinda? Nikamtia mtoto wa Tusekile mkononi, kile kitoto cha kike. Kikaishika hivi, hakitaki kuiachia. Watu wote walicheka."

Nadhani uso wangu ulimtisha, maana aliweka ungo chini.

"Sikukuibia, Baba Bibie. Ni ya mjukuu wako. Ungekuwepo ungeitoa kwa mkono wako."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa dogo: si zangu. Nilisimama uani na ulimi wangu ukakataa, kwa kuwa nikilisema, miaka kumi yote inaporomoka nalo. Nikasema tu kwamba ilikuwa sarafu adimu.

"Basi mtoto kapata baraka adimu," akasema, akarudia mchele wake.

Kosa la nani hili? Nimelitafutia mwenyewe siku nzima. Mwanakhamisi alifanya lililo sawa kwa fedha aliyoamini ni ya mumewe. Bushiri alitaka fedha halisi, na hiyo ndiyo sunna. Nami nilikuwa Iringa nafuata kipande cha shaba.


Alhamisi, 20 Novemba

Nimepanda mteremko wa mlima Loleza hadi kwa Marta, nikipumzika mara tano. Mlango umefungwa kwa kamba. Jirani yake, mzee Yotamu, alikuwa anapalilia viazi. Alisema Marta, Tusekile na mtoto wameshuka Usangu, Ubaruku, ambako mume wa Tusekile amepata kazi ya mpunga kwenye shamba la Baluchi. Watarudi palizi ikiisha.

"Lini hiyo, ndugu yangu?"

"Mwezi wa pili hivi. Kama mto utawaruhusu." Alinitazama viatu vilivyojaa tope. "Marta anadaiwa?"

Nilisema hapana.


Ijumaa, 28 Novemba

Baada ya sala nilimuuliza Mwalimu Bushiri mas'ala. Nilisema mtu fulani amewekewa amana, na watu wa nyumbani mwake, bila kujua, wamekitoa kitu hicho sadaka. Je, aliyetoa sadaka aweza kuidai?

"Huyo mtu fulani ana balaa," alisema Bushiri. "Kila wiki yuko barazani kwangu, na kila wiki ana sura tofauti." Kisha akaacha mzaha. Sadaka hairudishwi, alisema. Anayerudia alichotoa ni kama mbwa anayerudia matapishi yake. Lakini kisicho chako hukukitoa. Mkono ulinyooka, kitu hakikutoka. Bado ni cha mwenyewe, popote kilipo, mpaka mwenyewe aseme neno.

"Na huyo mtu fulani afanye nini?"

"Aseme kwa kinywa chake. Kwa mwenye mali, na kwa aliyepokea. Si kwangu mimi."

Nilivaa viatu vibaya, cha kulia kushoto. Aliniona.


Jumatatu, 8 Desemba

Mvua.


Alhamisi, 11 Desemba

Mvua. Nimempa dereva wa lori la mchele ujumbe kwa Marta, Ubaruku: akirudi aje kwangu, si kwa ubaya.


Jumatano, 17 Desemba

Dereva amerudi. Hakufika Ubaruku, maji yamefunika njia. Karatasi za daftari zinavimba kwa unyevu. Natazama kisanduku kama mtu anayetazama jino linalouma.


Jumatatu, 22 Desemba

Leo nimefanya jambo la aibu. Nilikwenda dukani kwa Jaha na mchoro. Nimeitazama giulio ile miaka kumi, naweza kuichora nimefumba macho: mwavuli, mishikio ya funguo, tarakimu, mionzi. Nilimuuliza kama anaweza kuyeyusha rupia ya kale ya fedha na kusubu nyingine mfano wake.

Jaha si mjinga. Alitazama mchoro, akanitazama mimi. "Ile ndogo imepotea?"

"Nataka ya pili."

"Mzee Isihaka, wanawake huja hapa wakitaka bangili ya pili mfano wa ile waliyoipoteza, mume asijue. Sijawahi kuona mwanamume aje hivyo." Lakini alichukua mchoro.


Jumamosi, 3 Januari 1959

Jaha ameleta kazi yake. Uzito ni sawa, na ameitia weusi kwa moshi ili ionekane ya kale. Mwavuli mzuri sana. Nikaigeuza.

"Jaha, huyu ni kuku."

"Ni njiwa aliyeshiba."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Kisha nikaitia kwenye kitundu.


Jumatatu, 5 Januari

Siku mbili imekaa kitunduni, zimetimia kumi na mbili, nami sikupata nafuu hata saa moja. Kazimiri alibeba zile za kweli kwenye theluji. Nimemrudishia Jaha, nikamwomba aiyeyushe mbele yangu. Aliitia kwenye kalibu, chungu chake cha kuyeyushia, na kuvukuta bila kuniuliza. Ilipolainika na kuwa tone, akasema, "Sasa umefiwa kweli."

Najilazimisha kuandika kwamba nilijaribu. Asije mtu akasoma hapa akaniona mwaminifu.


Jumapili, 18 Januari

Mvua. Wasafiri wanasema mto Mbarali umevunja kingo na mbu wa Usangu mwaka huu hawana mfano. Watu wa milimani wakishuka huko hawana damu ya kustahimili homa ya bondeni.


Jumatatu, 2 Februari

Irena ameandika. Atafika tarehe ishirini na nne kwa basi la Iringa. Anapitia Ifunda kwanza. Mdogo wake wa kiume amezikwa huko makaburini mwa kambi. Mimi nilimjua mtoto yule. Alikufa kwa kichomi mwaka 1944. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Kazimiri alikuwa na watoto wawili.


Jumamosi, 7 Februari

Marta amerudi. Mwanakhamisi alimwona sokoni, akafuatana naye hadi nyumbani, na aliporudi hakuvua kanga ya kichwani. Alikaa kwenye mkeka.

"Kile kitoto kimekufa," alisema. "Subilaga. Homa, siku tatu. Wamemzika huko huko Ubaruku."

Naona haya kuandika nilichofikiri kwanza. Kwanza nilifikiri sarafu. Pili ndipo nikamfikiria mtoto.


Jumapili, 8 Februari

Nimepanda kwenda kutoa pole. Kuna watu wa kanisa lao wanaimba taratibu nje, nikasubiri mpaka wamalize. Tusekile amebaki Ubaruku kwa mumewe. Marta alikuwa ndani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani, mikono ambayo sijawahi kuiona imetulia.

Alinishukuru kwa kupanda mlima na umri wangu. Akasimulia bila kuulizwa, kama wanavyosimulia wafiwa. Mtoto alishikwa na homa Jumanne. Walimkanda kwa maji. Alhamisi akawa hashiki titi tena.

"Ile fedha yenu nilimfungia mkononi na uzi, siku ile ile mlimpa," alisema. "Alikuwa anaipenda. Analia, anaishika, ananyamaza. Hata akiumwa alikuwa anaishika. Tumemzika nayo, baba. Hakuna mtu alikuwa na moyo wa kukata ule uzi."

Nikasema Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Nikashuka mlima.


Jumatatu, 9 Februari

Nimemwambia Mwanakhamisi. Asubuhi, baada ya chai, Bibie akiwa uani na mtoto. Nilisema yote tangu bitana la koti hadi kuku wa Jaha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitazamia machozi au makelele, lakini aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo nilitoa mali ya mtu kwenye akika ya mjukuu wangu."

"Hukujua."

"Sikujua kwa sababu gani?"

Nilizungusha kikombe changu mezani.

"Miaka kumi nimefagia chini ya kisanduku hicho. Ungesema neno moja, amana, nisingekigusa hata kwa ncha ya fagio. Unanijua hivyo, Isihaka. Ulinijua hivyo na bado hukusema." Hajawahi kuniita jina langu tupu tangu tuoane. "Ulitaka hata mimi niamini ni zako."

Alichukua vikombe akatoka. Nimemjua mwanamke huyu miaka thelathini na minne, na leo nimeona ni kiasi gani nilimdhani ni wa kuonyeshwa tu, kama wale wageni wa Ijumaa.


Ijumaa, 13 Februari

Mvua. Mwanakhamisi anazungumza nami habari za chumvi na mafuta ya taa.


Alhamisi, 19 Februari

Usiku wa jana mvua haikunyesha. Wanasema barabara ya Usangu imefunguliwa tena kwa malori.


Jumanne, 24 Februari

Irena amefika alasiri. Mwanamke mrefu, nywele rangi ya majani makavu, viatu vya kiuguzi. Ana macho ya baba yake, yaliyotanguliza udhuru. Aliponiona alisema, "Babu, wewe umekuwa mdogo." Kiswahili chake ni kile cha watoto wa Ifunda, cha kuchezea na watoto wa Wahehe, na alipokichanganya na "kamwene", salamu ya Kihehe, Mwanakhamisi, aliyezaliwa Iringa, alicheka kwa mara ya kwanza katika wiki mbili.

Hakuuliza sarafu. Aliuliza kama gundi yangu bado inanuka. Alibeba Matano. Alisimulia kaburi la mdogo wake, kwamba amekuta majani yamefyekwa, hajui na nani.

Niliona nikingoja nitangoja milele. Nilimwita Mwalimu Bushiri na Jaha, ambao ndio walikuwa wakiziita fedha zangu kuliko wote, nikaweka kisanduku mbele yao, nikasema: "Hizi ni za baba wa huyu. Hazijawahi kuwa zangu. Nilipewa kumi na mbili, narudisha kumi na moja."

Kisha nikaeleza ya kumi na mbili iliko.

Nilikuwa nimekwisha kuanza, na nimempa mgongo mlango, kwa hiyo sikuona kwamba Marta ameingia uani na kapu la viazi kumwamkia mgeni. Nilimwona nilipogeuka kutokana na macho ya Mwanakhamisi. Alikuwa amesikia yote. Aliweka kapu chini polepole, akaondoka bila kuaga, na Mwanakhamisi alipomfuata hadi njiani hakugeuka.

Irena alikifunga kisanduku. Kisha alisema amechoka, tutaongea kesho.


Jumatano, 25 Februari

Marta alikuja tukiwa bado tunakunywa chai. Amevaa koti la marehemu mumewe, ana jembe begani na furushi la safari. Hakukubali kuketi.

Alimkabili Irena, si mimi. "Dada, mimi sikujua ile kitu ina mwenyewe. Lori linaondoka saa nne. Naenda Ubaruku, nitachimba, nitakuletea."

Jikoni maji yalikuwa yanachemka, nikasikia kifuniko kinagonga.

"Mtoto wetu hawezi kulala na kitu ya mtu," akasema Marta. "Yeye hakuiba. Alipewa. Lakini kama ilikuwa ya mtu, itamsumbua. Afadhali nichimbe mimi, bibi yake, kuliko mwingine."

Nilielewa basi nilichokifanya. Nilikuwa nimetua mzigo wangu mbele ya watu na kuona wepesi, na ulikuwa umemwangukia yeye. Nilifungua kinywa kumwambia haina haja, lakini kwa haki gani? Neno langu juu ya fedha ile halikuwa na uzito wowote. Bushiri alikwisha kuniambia ni nani peke yake anayeweza kusema.

Irena aliinuka. Alimwendea Marta, akashika mpini wa jembe, si kwa kumnyang'anya, bali chini kidogo ya mkono wake, wakawa wameushika wote wawili.

"Mama, usichimbe," alisema. "Ni yake."

"Ni ya baba yako."

"Baba amekufa. Aliniachia mimi. Mimi nampa mtoto."

Marta alimtazama usoni muda mrefu. "Sema jina lake."

Irena alinigeukia. Hakulijua. Nikalisema, na akalirudia taratibu kwa Marta, herufi zote: "Nampa Subilaga. Ile fedha ni ya Subilaga."

"Tena."

Akasema tena. Marta aliachia mpini. Aliketi pale pale kizingitini, koti la mumewe limemfunika magoti, akaomba maji. Mwanakhamisi alimletea, akaketi naye kizingitini, bega kwa bega, mimi nikalazimika kupitia mlango wa uani.


Ijumaa, 27 Februari

Irena ameondoka na basi la asubuhi. Sarafu kumi na moja amezishona mwenyewe ndani ya bitana la koti lake, Mwanakhamisi akimtungia uzi. Kisanduku ameniachia, alisema hakiingii mkobani. Nimekitia nyuzi na sindano za kujalidia.

Kituoni msafiri mmoja wa Tukuyu aliulizwa na Jaha kama anamjua mzee huyu. "Huyu ndiye alikuwa na fedha za mapapa," Jaha akamwambia.

"Nilimwekea mtu," nikasema. Msafiri akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga mzigo wake. Haikumshangaza hata kidogo.

Jembe la Marta limebaki nyumbani kwetu. Mwanakhamisi alitaka kumpa mtu anayepanda huko alipeleke. Nimemwambia nitalipeleka mwenyewe mvua ikipungua. Alitazama nje, kisha akanifungia maandazi, akasema haitapungua leo, bora niende sasa.